Dona, Papai na Saa ya Ukutani

Makala hii ni ya choo. Aliye mezani amalize kula kwanza, maneno hayaozi.

Watu wakinikuta kwenye kiti cha magurudumu, swali lao huwa lile lile: madaktari wanasemaje, utatembea tena? Wananitakia heri, nami nawajibu vizuri. Lakini anayetaka kweli kujua hali yangu angeniuliza kama leo nimepata choo. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani Kim Anderson, ambaye mwenyewe ameumia uti wa mgongo, alichapisha majibu ya watu 681 walioumia kama yeye. Aliwauliza wangependa warudishiwe kitu gani kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitanguliza mikono. Waliopooza miguu pekee walitanguliza tendo la ndoa. Kibofu na utumbo vikawa na uzito kwa makundi yote mawili. Kutembea, ambako ndiko wageni wetu wote wanakoulizia, hakukushika namba moja kwa kundi lolote.

Mimi nilikuwa fundi wa kuezeka hapa Tanga. Nilianguka kutoka kwenye kenchi nikaumia pingili ya nane ya kifua, na tangu siku hiyo kuanzia juu kidogo ya kitovu kushuka chini, mwili ni wangu kwa kuutazama tu. Kwa ukanda huu si kisa cha ajabu. Kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali ya KCMC kule Moshi zinaonyesha kwamba kuanguka kumewavunja watu uti wa mgongo kuliko hata ajali za barabarani.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi. Kwenye mstari wa chakula iliandikwa: mboga za majani na matunda kwa wingi, maji ya kutosha. Maneno ya kweli kabisa. Ni hayo hayo angeambiwa mama mjamzito, mwalimu mwenye choo kigumu, au dereva wa lori anayekaa kutwa kwenye usukani. Lakini wao utumbo wao unazungumza na ubongo. Wangu hauzungumzi. Baada ya kuishi na hali hii na kukaa na wenzangu wengi, nimefika mahali nikasema hivi: utumbo wa mtu aliyeumia uti wa mgongo unaongozwa na saa kwanza. Chakula kinakuja kuifuata saa. Na sahani inayomponya mmoja yaweza kuwa balaa kwa mwenzake aliyeumia pingili chache chini yake.

Nieleze kwa nini, kwa lugha ya fundi.

Utumbo una mtandao wake wa neva ndani ya kuta zake, kwa hiyo hata uti ukikatika, utumbo unaendelea kusukuma. Ndiyo maana hatufi kwa kukosa choo wiki ya kwanza, ingawa siku za mwanzo baada ya ajali kila kitu huzimika na tumbo hukaa kimya. Tunachopoteza ni vitu vingine. Taarifa hazifiki: hujui kama umejaa. Amri haishuki: huwezi kubana wala kuachia kwa kutaka. Misuli ya tumbo ya kukamulia, kwa wengi wetu, haipo tena. Halafu utumbo mpana wenyewe unakuwa mzito, chakula kinakaa humo muda mrefu, na kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kadiri choo kinavyokaa ndivyo kinavyokauka. Hapo bado hujala kitu kibaya, ni utaratibu wa mwili tu.

Sasa kuna tofauti moja ambayo laiti ningeisikia wodini. Neva zinazoendesha mlango wa haja kubwa zinatoka mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Mtu aliyeumia juu ya hapo, shingoni au kifuani kama mimi, ule mzunguko wa chini umebaki mzima, ila umekatiwa mawasiliano na ubongo. Msuli wa mlango unabaki umebana. Lakini ukiguswa kwa ndani, sehemu ya mwisho ya utumbo hujikamua yenyewe na mlango huachia. Aliyeumia chini, kuanzia pale uti unapoishia, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, huo mzunguko wenyewe ndio umeharibika. Mlango umelegea, hakuna cha kuamsha, na choo inabidi kitolewe kwa kidole chenye glavu, kwa kawaida kila siku, wengine mara mbili kwa siku.

Katika kikundi chetu cha walioumia uti wa mgongo yupo dada aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda, akaumia kiunoni. Mimi na yeye tukikaa meza moja, utaona sahani mbili zisizofanana. Kuna chati inayoitwa ya Bristol, imechorwa aina saba za choo, kuanzia vigololi vikavu mpaka maji matupu. Mimi nalenga aina ya nne, laini iliyoshikana, ili kile kimzunguko changu kikiamshwa kiweze kuisukuma. Yeye analenga ya tatu, ngumu kidogo, kwa sababu choo kikilainika kwake hakuna mlango wa kukizuia, kitatoka akiinama kuokota chenji. Vipande viwili vya papai kwangu ni dawa. Kwake, akiwa na safari ya sokoni, ni fedheha. Na karatasi zetu za kuruhusiwa ziliandikwa maneno yale yale.

Tuje kwenye nyuzinyuzi, maana hapo ndipo watu wanapotupiana ushauri kama karanga.

Kila mtu anajua nyuzinyuzi zinaleta choo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipungukiwe na gramu 25 kwa siku. Lakini mwaka 1996 kilichapishwa kiutafiti kidogo kutoka Australia: watu 11 walioumia uti wa mgongo waliongezewa pumba za ngano kwenye chakula chao, kisha ikapimwa choo kinachukua muda gani kupita kwenye utumbo mpana. Ulikuwa wastani wa saa 28 hivi. Baada ya pumba ukapanda ukafika saa 42. Yaani mzigo uliongezwa kwa mbebaji aliyekwisha choka, naye akapunguza mwendo. Watu 11 ni wachache, sisemi tujenge nyumba juu yao. Ila miongozo ya kitabibu ya Marekani iliyotoka mwaka 1998 nayo ilikataa kumwekea kila mgonjwa wa uti wa mgongo chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Ilisema aanze na kiasi kisichopungua gramu 15, atazame choo chake, aongeze au apunguze kidogo kidogo.

Sasa pima hizo gramu 15 kwenye vyombo vyetu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu kama 13. Nusu ya parachichi kubwa, tano au zaidi. Hapo hujagusa ugali, na kama ugali ni wa dona, wenye ganda na kiini chake, hesabu inapanda tena. Mchicha, matembele, kisamvu, bado. Mtu wa kijijini Muheza anayekula dona, maharage na kisamvu kila siku hana upungufu wa nyuzinyuzi hata chembe. Ukimwambia "ongeza mboga" unamwongezea mzigo. Kijana wa mjini anayeamka na chapati na chai, mchana chipsi mayai, usiku sembe na kipande cha nyama, huyo ndiye ushauri wa karatasi uliandikwa kwa ajili yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mtoa ushauri lingekuwa: jana ulikula nini? Sijawahi kuulizwa.

Tena nyuzinyuzi si za aina moja. Kuna zinazoyeyuka kwenye maji zikawa kama ute: bamia, maharage, parachichi, ubuyu, shayiri. Hizi hukifanya choo kishikane na kiteleze, na zinawafaa hata wale wa mlango uliolegea. Kuna zisizoyeyuka: pumba ya mahindi na ya ngano, ganda la pera na mbegu zake, vikonyo vya kisamvu. Hizi huongeza ujazo, na zikikosa maji zinakuwa kizibo. Mimi nilichofikia ni unga uliochanganywa nusu dona nusu sembe, mboga za majani zilizopikwa zikalainika, bamia mara kwa mara, na papai au embe jioni. Nikila dona tupu siku tatu mfululizo, tumbo linajaa na kukamua kunachukua muda. Mwenzangu mmoja aliyeumia karibu sawa na mimi anakula dona tupu na hana shida yoyote. Ndiyo maana nasita kumwandikia mtu menyu.

Ninachoweza kumwandikia ni namna ya kujaribu. Badilisha kitu kimoja, kisha tulia wiki nzima, kwa sababu chakula cha leo kwetu sisi kinaweza kutoka baada ya siku tatu. Anayebadilisha unga, akaacha maharage, akaanza kunywa mtindi, vyote wiki moja, hatajua kilichomsaidia. Daftari la shule linatosha: ulichokula, maji, dawa, saa uliyokaa chooni, aina ya choo kwenye ile chati. Nesi au daktari ukimwonyesha daftari kama hilo, mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Maharage yana kesi yake peke yake, kesi ya gesi. Mtu asiyeumia akijaa gesi anajitoa faragha anaipunguza. Sisi mlango umebana na hatuhisi, gesi inabaki, tumbo linapanda juu kubana kifua. Kwa aliyeumia shingo, ambaye misuli ya kupumulia ni michache, hilo si jambo la kuchekesha. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kunasaidia. Kuyapika mpaka yaive kabisa kunasaidia zaidi. Choroko kwa wengi ni nafuu. Soda sina la kuitetea, ingawa ndiyo zawadi ya kwanza kila mgeni anayokuja nayo hospitali.

Sasa maji. Hapa karatasi inasema "ya kutosha" na kuishia hapo, wakati kwenye maji ndipo utumbo na kibofu vinapogombana.

Wengi wetu tunatoa mkojo kwa mpira wa kuingizwa kibofuni na kutolewa, kila baada ya saa nne hadi sita, na inatakiwa kibofu kisizidi nusu lita kwa mara moja. Ukinywa lita mbili kwa siku, hesabu mwenyewe: ni mara nne, tano za mpira. Mipira inauzwa. Glavu zinauzwa. Anayefanya kazi nje hana mahali safi pa kujitolea mkojo. Basi mtu anafanya hesabu ya maskini, anapunguza kunywa. Kibofu kinatulia, mfuko unapumua, na baada ya siku chache choo kimekuwa jiwe. Nimeona watu wakilaumu ugali wakati kosa liko kwenye kikombe. Dada wa bodaboda aliwahi kupunguza maji kwa makusudi ili choo chake kishikane, akapata maambukizi ya mkojo. Kukishikanisha choo ni kazi ya chakula, usiikabidhi kiu.

Mimi naigawa: glasi pamoja na kila mlo, glasi kati ya milo, na nafunga bomba kama saa mbili kabla ya kulala ili usiku mpira usiniamshe. Tanga kuna joto, siku za kaskazi naongeza. Anayetumia mpira wa kukaa nao muda wote ana uhuru zaidi wa kunywa, ana mashaka mengine.

Sasa saa yenyewe.

Mwili una tabia moja nzuri ambayo ajali haikuiondoa yote. Chakula kikiingia tumboni, hasa mlo wa kwanza baada ya usingizi, hasa kikiwa cha moto, utumbo mpana hupokea habari na kuanza kusukuma. Kila mtu anaijua hali hiyo, anayekunywa chai asubuhi na mara anaitafuta kandambili. Kwetu msukumo huo umepungua nguvu, ila kwa wengi upo, na ndio farasi wa bure tuliobaki naye. Kumtumia ni kumpanda saa ile ile. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nakunywa uji wa ulezi, mzito kiasi, na maji ya moto. Nusu saa baadaye niko kwenye kiti cha choo. Sisubiri kusikia haja kwa sababu haja siisikii. Saa ya ukutani ndiyo inayonituma.

Wengine hufanya kila siku, wengine siku moja baada ya moja. Kinachoharibu ni kurukaruka: leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa hapana. Utumbo ukipoteza zamu yake unajaa, na ukijaa unatanuka, na uliotanuka unakuwa mlegevu zaidi.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana inafaa kufundishwa na nesi au mtaalamu wa fiziotherapia kwa vitendo. Kucha fupi, glavu, jeli ya kutosha. Choo kilichoko mlangoni kinatolewa kwanza. Kama unatumia kidonge cha kuweka njia ya haja kubwa, kwa mfano bisakodili, kinatakiwa kigusane na ukuta wa utumbo, kikichomekwa katikati ya choo hakifanyi kazi. Halafu kwa sisi wa juu, kidole kinazungushwa polepole sekunde kumi na tano hadi ishirini, unapumzika dakika kadhaa, unarudia, mpaka ujue pamekwisha. Kukaa ni bora kuliko kulala, mvuto wa dunia unasaidia. Asiyeweza kukaa alale ubavu wa kushoto. Kama kila mara inapita saa nzima, kuna kitu cha kurekebishwa kwenye ratiba, dawa au chakula.

Wapo wanaotumia sena, dawa ya kuleta choo, usiku wa kuamkia siku ya zamu. Huchukua saa nane hadi kumi na mbili kufanya kazi, kwa hiyo nayo inapangwa kwa saa. Bibi zetu wa pwani wanaijua kwa jina la sanamaki, wanachemsha majani. Mmea ni wa jamii ile ile ya vidonge vya duka la dawa. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo na sufuria haina, na mtu asiyeweza kukimbilia chooni hachezi na kitu kisicho na kipimo. Mafuta ya nyonyo siyataki kabisa.

Ramadhani inageuza saa juu chini. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga, na mwenye maambukizi ya mkojo ya mara kwa mara azungumze na daktari wake kabla hajaamua. Lakini wapo kati yetu wanaofunga, na nililojifunza kwao ni kuhamisha zamu. Mlo wa kwanza sasa ni futari, basi choo kinafuata futari: tende, uji au supu ya moto, kisha nusu saa. Atakayeng'ang'ania saa yake ya asubuhi baada ya daku naye hajakosea, daku nalo ni mlo. Ubaya ni kujaribu zote mbili. Maji yanatakiwa yagawanywe usiku wote, si kumiminwa kwa pamoja magharibi, maana kibofu hakina habari kwamba ni Ramadhani.

Nina mambo mawili ya hatari ambayo si ya chakula ila huanzia tumboni.

La kwanza ni kuharisha kusiko kuharisha. Mtu hajapata choo cha maana siku kadhaa, tumbo gumu, chakula hakimpendezi. Ghafla anaanza kuvuja maji machafu. Nyumbani wanasema ameharisha, wanampa dawa ya kuzuia. Kumbe juu kuna kizibo kikubwa, na maji yanapenya pembeni yake. Dawa ya kuzuia inakaza kizibo. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali akapimwe, asipewe dawa ya kufunga choo.

La pili linawahusu walioumia pingili ya sita ya kifua kupanda juu. Mimi nimenusurika kwa pingili mbili. Rafiki yangu wa shingo hajanusurika. Utumbo ukijaa au ukiguswa vibaya, mwili chini ya jeraha unapiga kelele ambazo ubongo hauzisikii wala hauwezi kuzituliza, mishipa inabana, presha inapanda kwa kasi. Kichwa kinamgonga, uso unakuwa mwekundu au moto, jasho usoni, vinyweleo vinasimama. Chanzo cha kwanza huwa kibofu, mpira uliojikunja au kuziba. Cha pili ni utumbo. Anayekuwepo amkalishe wima, amlegezee nguo na mkanda, akague mpira wa mkojo, kisha ndipo utumbo uangaliwe taratibu kwa jeli ya ganzi. Kama haishuki, ni hospitali, haraka, kwa sababu inaweza kuleta kiharusi. Na kuna jambo la kumwambia mhudumu wa zahanati: presha ya kawaida ya mtu wa shingo ni 90 hadi 110 ile namba ya juu. Akimkuta na 140 akasema "si mbaya sana", ni mbaya. Rafiki yangu ameandikiwa hayo kwenye kadi, iko mfukoni mwa kiti chake.

Kabla hujalaumu maharage, angalia pia vidonge vipya. Tramadoli na kodeini, dawa za maumivu, zinafunga choo. Dawa ya kutuliza kibofu, oksibutinini, inafunga. Amitriptilini ya maumivu ya neva nayo. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vinakigeuza cheusi na kigumu. Antibaiotiki mara nyingi hufanya kinyume, utaloana.

Kuhusu wingi wa chakula nitasema kidogo. Misuli iliyolala haichomi chakula. Fundi aliyekuwa akipanda juu ya bati kutwa na mtu anayekaa hawawezi kumaliza mlima mmoja wa ugali, na uzito ukiongezeka anayeumia wa kwanza ni yule anayekunyanyua. Lakini usipunguze mayai, dagaa, maziwa na samaki. Mwenye kidonda cha mgandamizo, kile kinacholetwa na kukaa au kulala sehemu moja muda mrefu, anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anatafuta gramu 75 na zaidi, na yai moja lina sita tu. Kidonda na utumbo ni majirani. Choo kikivuja usiku kikakaa kwenye ngozi isiyohisi, asubuhi umeamka na mwezi mwingine wa kulala kifudifudi.

Na mafundi wenzangu, niwaambie la kwetu. Mlango wa choo wa futi mbili hauingizi kiti cha magurudumu. Choo cha kuchuchumaa kinawekewa kiti juu yake. Cha kwangu ni kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, nikalizungushia mpira wa ndani wa baiskeli na kitambaa, kwa sababu ukingo wa plastiki unachana ngozi bila taarifa. Na hata kikiwa laini, sikai hapo kusoma gazeti.

Wenye mikono mizima wafundishwe kujifanyia wenyewe. Nasema hivi kwa wanandoa hasa. Muda ambao mke wangu ndiye aliyefanya kazi ile, tulikuwa tukiheshimiana sana na kutazamana kidogo. Nilipojifunza kwa kioo na subira, alirudi kuwa mke. Kwa rafiki yetu wa shingo haiwezekani, anafanyiwa na mdogo wake wa kiume, na wamewekeana sheria: wakiwa kwenye kazi ile wanazungumzia Simba na Yanga tu.

Glavu ndizo zinazotuishia kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo mkija kututembelea, acheni soda dukani, leteni boksi la glavu. Papai pia linapokelewa, ila ulizeni kwanza mwenyeji ameumia wapi.